Chai Bila Maziwa: Hitilafu Niliyoitafuta Miezi Sita

Wasomaji wangu, nimepotea. Mara ya mwisho niliwaahidi sehemu ya pili ya makala kuhusu kuhamisha hifadhidata kutoka seva moja hadi nyingine bila kuzima huduma. Inakuja, msichoke. Leo lakini naomba ruhusa niandike juu ya tumbo langu. Najua hapa si mahali pa mapishi wala pa udaktari. Ila kazi niliyoifanya kutafuta kilichonisumbua ni ile ile tunayoifanya kila siku tukitafuta hitilafu kwenye programu, na makosa niliyoyafanya ni yale yale pia. Huenda yakamfaa mtu.

Tuanze mwanzo.

Mimi ni mtu wa chai. Nimezaliwa Malindi, nimelelewa kwa chai ya maziwa yenye iliki na tangawizi, na sasa ninaishi Kilifi ambako kazi ya kuandika programu naifanyia nyumbani. Kikombe cha kwanza alfajiri, cha pili na mahamri, cha tatu saa nne, na siku ya kutoa toleo jipya la programu sihesabu tena.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 tumbo likaanza vituko. Linajaa gesi, linanguruma kama jenereta, kisha mbio chooni. Mara mbili nimemwomba dereva wa matatu asimame njiani nikienda kumwona Mama: mara moja karibu na Gede, mara nyingine pale msitu wa Arabuko-Sokoke unapopakana na barabara. Mwenye kucheka na acheke.

Nililaumu kila kitu. Pilipili. Maharagwe. Maji. Nikanywa dawa ya minyoo mara mbili. Kliniki moja ikanipa vidonge vya vidonda vya tumbo bila kunipima chochote, nikavimeza mwezi mzima. Hapa ndipo ninapojionea aibu, kwa sababu vijana ninaowafundisha kazi huwaambia kila siku: usibahatishe. Ukibahatisha utabadilisha mistari kumi, programu itafanya kazi, na hutajua ni mstari upi ulioiponya. Au haitafanya kazi, na sasa una hitilafu kumi na moja.

Dalili ya kwanza ya maana ilikuja Ramadhani, iliyoanza mwezi Machi mwaka huo. Mchana kutwa nilikuwa mzima kabisa. Usiku, baada ya futari na baada ya daku, balaa. Kwa hiyo si wasiwasi wa kazi, maana kazi niliifanya mchana. Ni kitu kinachoingia mdomoni.

Ndipo nikafanya nilichopaswa kufanya tangu siku ya kwanza: nikaanza kuweka kumbukumbu. Faili moja la maandishi tu, safu nne: tarehe, saa, kilichoingia, kilichotokea. Baada ya wiki tatu nikaandika programu fupi ya kupanga mistari yote kwa muda uliopita kati ya kula na kuumwa. Jibu lilikuwa wazi hadi nikaona haya. Kila balaa lilikuwa limetanguliwa, ndani ya saa mbili, na chai ya maziwa, tambi za maziwa au uji wa maziwa. Pilipili haikuwa na hatia.

Nikalipeleka faili kwa daktari mwingine. Alilisoma lote, akacheka, akasema laiti wagonjwa wote wangekuja hivyo. Akaniambia kuna kipimo cha pumzi kinachopima gesi ya haidrojeni, lakini kuna njia rahisi isiyo na gharama: acha maziwa wiki mbili, usibadilishe kitu kingine chochote, kisha yarudishe. Nikaacha. Tumbo likanyamaza kama bahari ya alfajiri. Siku ya kumi na tano nikanywa gilasi kubwa ya maziwa kabla ya kula chochote. Saa moja baadaye nilikuwa nimepata uthibitisho wote niliouhitaji, na zaidi.

KUMBE SISI NDIO WENGI

Kwa wale wasiojua, mambo yako hivi. Sukari iliyomo ndani ya maziwa huitwa laktosi. Ili mwili uitumie, utumbo mwembamba hutoa kimeng'enya kiitwacho laktasi, ambacho huikata sukari hiyo vipande viwili. Mtoto mchanga anacho tele. Baada ya kuachishwa kunyonya, mwili wa watu wengi, takriban theluthi mbili ya wanadamu wote, hupunguza kukitoa. Laktosi isiyokatwa hushuka hadi utumbo mpana, huvuta maji, na bakteria wa huko huichachusha na kutoa gesi. Mengine mnayajua.

Kwa hiyo huu si ugonjwa hasa. Ni mpangilio wa kiwandani. Waliobadilishwa ni wale wanaokunywa maziwa hadi uzeeni bila taabu.

Na namna walivyobadilishwa itamfurahisha kila mwandishi wa programu. Jeni ya laktasi iko kwenye kromosomu ya 2, lakini swichi inayoiamuru iendelee kufanya kazi haimo ndani yake. Imo ndani ya jeni ya jirani, iitwayo MCM6. (Nani kati yetu hajawahi kutafuta hitilafu siku tatu kwenye faili moja, kumbe imo kwenye faili la pili?) Mwaka 2002 watafiti walionesha kwamba kwa watu wa Ulaya ya kaskazini herufi moja tu imebadilika mahali hapo. Mwaka 2007 kundi lililoongozwa na Sarah Tishkoff, likitumia sampuli za watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, likakuta kwamba wafugaji wa huku kwetu wana herufi nyingine zilizobadilika, mahali tofauti kidogo, na kazi yake ni ile ile. Yaani tatizo moja limetiwa viraka tofauti na watu wasioonana wala kusomeana msimbo. Wafugaji walikuwa na sababu: aliyeweza kunywa maziwa wakati wa kiangazi aliishi.

Sisi wa mwambao, chakula chetu ni kingine. Ibn Battuta alipopita pwani hii mwaka 1331 aliandika kwamba Mogadishu alilishwa ndizi zilizopikwa kwa maziwa, lakini Mombasa alikuta watu wakila ndizi na samaki. Nilipokumbuka hilo nikajisamehe.

KIRAKA CHANGU CHA KWANZA

Habari ilipoenea, kila mtu akawa daktari. Kunywa maziwa ya mbuzi! Kunywa ya ngamia, yale yanayoletwa kutoka upande wa Tana River! Nikayasoma yote mawili kabla ya kununua. Maziwa ya mbuzi yana laktosi, pungufu kidogo tu ya ng'ombe. Ya ngamia pia yanayo. Mnyama wa kufugwa akinyonyesha, laktosi imo. Ni kama kubadilisha seva huku programu mbovu ni ile ile.

Kisha nikajipiga kifua. Mimi ni mtu wa Malindi, uani kwa Mama kuna minazi minne, nahangaika nini? Tui la nazi halina laktosi hata chembe!

Mama alifurahi kuliko mimi. Hakuwahi kuyaamini yale maziwa ya mashine. Akaitoa mbuzi yake ya kukunia, ile aliyoolewa nayo, akawa anakuna nazi, anachuja tui zito kwa kifumbu, anagandisha kwenye chupa za soda, na kila Jumatatu anampa kondakta wa matatu aniletee Kilifi. Chupa tano, zimefungwa kwenye gazeti, na kikaratasi chenye maagizo: "Usitie mapema. Ukichemsha bila kukoroga litakatika." Na kweli, mara ya kwanza lilikatika, mafuta yakaelea juu ya chai kama dizeli bandarini. Nikajifunza kulitia mwisho na kukoroga. Chai ya tui, uji wa tui, mchele wa tui, mbaazi za tui, kahawa ya tui. Tumbo kimya. Nikafunga suala lile kwenye daftari langu na kuandika: LIMETATULIWA.

Miezi minne nikaishi hivyo.

Kisha yakaja mapimo ya kila mwaka, yale yanayotakiwa na bima. Lehemu mbaya, ile waitayo LDL, ilikuwa 4.8. Mwaka uliotangulia ilikuwa 3.7. Daktari hakucheka safari hii. Akauliza: baba yuko hai? Nikasema hapana. Alikufa kwa nini? Kiharusi. Akiwa na miaka mingapi? Hamsini na saba.

Akanyamaza kidogo, akaandika. Mimi wakati huo nina arobaini na tatu. Hesabu nilifanya mwenyewe.

"Lile faili lako unalo bado?" akauliza. Nilikuwa nalo.

Tui zito lina mafuta zaidi ya gramu 20 kwa kila mililita 100. Maziwa ya ng'ombe yasiyoondolewa kitu yana kama gramu tatu na nusu. Na mafuta ya nazi, zaidi ya asilimia 80 ni ya ile aina inayopandisha LDL. Kwa mujibu wa faili langu nilikuwa nakunywa karibu robo lita ya tui zito kwa siku kwenye vikombe peke yake, kabla ya kuhesabu kilichomo kwenye wali, mbaazi na mahamri. Nilikuwa nimerekebisha hitilafu inayopiga kelele kwa kuingiza nyingine isiyopiga kelele. Tumbo hunguruma. Mishipa ya damu hainguruma.

Mtasema, kama nilivyosema mimi: lakini wazee wetu wamekula nazi karne na karne! Ni swali la haki, na limechunguzwa. Mwaka 1981 ulichapishwa utafiti wa visiwa viwili vya Pasifiki, Pukapuka na Tokelau. Watu wa Tokelau walikuwa wakipata zaidi ya nusu ya nishati yao kutoka kwenye nazi. Lehemu yao ilikuwa juu kuliko ya Pukapuka, walioila kidogo zaidi, lakini maradhi ya mishipa yalikuwa machache kote kuwili. Sasa, watu wale walikuwa wanakula nazi nzima na samaki, sukari kidogo, na kazi ya mikono kutwa. Mimi nakaa kitini saa kumi nikiwa na sahani ya mahamri. Na mwaka 2020 jarida la Circulation likachapisha uchambuzi wa majaribio 16: mafuta ya nazi yakilinganishwa na mafuta ya mimea kama alizeti au zeituni, LDL hupanda. Nazi si sumu. Ila mtu mwenye baba aliyeanguka akiwa na miaka 57 hana sababu ya kuinywa kwa kikombe.

KUMWAMBIA MAMA

Hili ndilo lililonikalia shingoni. Kumwambia mteja kwamba tumekosea ni rahisi. Kumwambia mama aliyekuna nazi miezi minne kwa mikono yenye baridi yabisi si rahisi.

Nilikwenda Malindi Jumamosi. Nikamwamkia, nikakaa kwenye mkeka, nikazunguka zunguka na habari za watoto. Yeye anajua nikizunguka.

"Sema, mwanangu. Umefukuzwa kazi?"

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, mkono juu ya mbuzi ya nazi.

"Kwanza maziwa. Sasa nazi. Kesho utakataa maji?"

"Mama, ni damu. Ni kama ya Baba."

Hakujibu. Akainuka, akaenda jikoni, nikasikia sufuria. Aliporudi alikuwa na chai ya mkandaa, nyeusi, iliki tu na tangawizi. Akaniwekea. Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba Baba naye aliambiwa apunguze, na hakusema nyumbani. Alijua miaka mingi baadaye, alipokuta karatasi ya hospitali kwenye mfuko wa koti.

Sikuwahi kulijua hilo. Tukanywa chai kimya.

ORODHA YANGU

Baada ya hapo nikarudi kwenye njia sahihi. Kabla ya kuchagua, nikaandika mahitaji, kama tunavyopaswa kufanya kabla ya kuandika msimbo. Nilikuwa nimeuliza swali moja tu ("lina laktosi?") kumbe yalikuwa manne: lina laktosi? Mafuta yake ni ya aina gani? Lina protini? Lina kalsiamu? Nikaongeza la tano: bei, maana mshahara ni mmoja.

1. Soya. Protini yake ni karibu sawa na ya maziwa ya ng'ombe, na mafuta yake hayana ubaya ule. Ukitengeneza nyumbani, loweka usiku kucha, saga, chuja, kisha uchemshe vizuri kama dakika ishirini. Soya mbichi huzuia protini isimeng'enywe. Ladha ya maharagwe ipo. Kwenye uji haisikiki. Kwenye chai inasikika.

2. Lozi. Ya paketi niliyoikuta dukani ilikuwa zaidi ya shilingi mia nne kwa lita, na ndani, ukisoma lebo, ni maji na lozi chache. Protini karibu hakuna. Ladha nzuri. Sijanunua tena.

3. Shayiri ya oti. Inakaa vizuri kwenye chai. Lakini wakati wa kuitengeneza wanga wake hukatwakatwa kuwa sukari, kwa hiyo mwenye kisukari aisome lebo mara mbili.

4. Korosho. Hii ndiyo yetu. Mikanju imejaa kaunti yote ya Kilifi, na wazee watakumbuka kiwanda cha korosho cha mjini Kilifi kabla hakijaanguka miaka ya 1990. Kikombe kimoja cha korosho zisizokaangwa wala kutiwa chumvi, loweka saa nne, saga na vikombe vinne vya maji. Huhitaji hata kuchuja. Mafuta yake mengi ni ya aina njema. Ukiichemsha inakuwa nzito kwa sababu korosho ina wanga, kwa hiyo itie kwenye chai mwishoni. Kwenye friji inakaa siku tatu. Kilo ya korosho si rahisi, lakini kikombe kimoja kinatoa zaidi ya lita.

Tatizo la korosho, lozi na soya za nyumbani ni moja: kalsiamu ni kidogo. Maziwa ya ng'ombe yana kama miligramu 120 kwa mililita 100. Ya paketi mara nyingi huongezwa kalsiamu, ila isome lebo, na tikisa paketi kwa sababu huzama chini. Mimi nimeamua kuipata kwenye sahani: dagaa wanaoliwa na mifupa yao, sukuma wiki, na ufuta usiokobolewa. Mchicha una kalsiamu lakini una kitu kinachoishikilia isiingie mwilini, kwa hiyo usiutegemee peke yake kwa hilo.

Na tafadhali: hakuna hata kimoja hapo juu kinachofaa kuwa badala ya maziwa ya mama kwa mtoto mchanga. Mtoto ni mfumo mwingine kabisa.

KIINI CHA TATIZO

Swali moja lilibaki. Laktasi hupungua tangu utotoni. Kwa nini mimi niugue nikiwa na arobaini na kitu?

Jibu lilikuwa kwenye simu yangu, kwenye risiti. Januari 2024 ilifunguliwa mashine ya maziwa, ile tunayoiita ATM, hatua hamsini kutoka mlangoni pangu. Kabla ya hapo nilipika chai kwa maji mengi na maziwa kidogo. Baada ya hapo nikawa nachemsha maziwa matupu. Watu wengi wa aina yangu huvumilia hadi kama gramu 12 za laktosi kwa mkao mmoja, yaani kikombe kimoja cha maziwa. Mimi nilikuwa napitisha hapo kila asubuhi. Mfumo haukuharibika, mzigo ulizidi uwezo.

Maana yake sikuhitaji kuyakimbia maziwa yote kama moto. Mama ndiye aliyenikumbusha maziwa lala, anayoyanunua kwa mama mmoja wa Kigiriama sokoni. Yakichacha, bakteria wanakula sehemu ya laktosi kabla yako. Nilianza na nusu kikombe, nikaandika kwenye faili. Kimya. Kikombe kizima na chakula. Kimya.

Basi mpangilio wangu wa sasa ni huu: chai ya rangi au ya korosho, uji wa soya, maziwa lala mara tatu kwa wiki. Baada ya miezi sita LDL ilikuwa 3.6, na daktari bado ananifuatilia. Siwezi kuwaambia kwamba ni korosho iliyofanya hivyo. Nilianza pia kutembea kila jioni hadi daraja la Kilifi na kurudi, na kupunguza vya kukaanga. Nilibadilisha vitu vitatu kwa wakati mmoja, nikavunja kanuni yangu mwenyewe, na kwa mara ya kwanza maishani sijali.

Na tui? Sikuliacha. Nimelirudisha mahali pake. Ijumaa nikiwa Malindi, wali wa nazi na samaki wa kupaka, sahani moja. Mama ananikunia nazi moja tu. Chupa za soda sasa zinakuja na maziwa ya korosho, zimefungwa kwenye gazeti vile vile, na kikaratasi kimebadilika: "Tikisa kwanza. Na utembee."

Mimi si daktari. Mwenye tumbo lake amwone wake, na aende na kumbukumbu mkononi. Na kama una karatasi ya hospitali mfukoni mwa koti, isome na watu wa nyumbani mwako.

Hifadhidata wiki ijayo, inshallah.